Malengo 10 ukutani, nguo 17 mezani: jibu kwa mama fundi wa Katuba

Barua ya msomaji: "Mwalimu, salamu. Mimi ni mama wa miaka 34, naishi Katuba hapa Lubumbashi, nina watoto watatu, kazi yangu ni kushona. Mwezi wa kwanza nilikwenda kwenye semina ya siku moja mjini. Kocha alituambia kwamba kwenye chuo kikuu kimoja cha Marekani, wanafunzi 3 kati ya 100 walioandika malengo yao walikuja kuwa na mali kuliko wale 97 wengine wote kwa jumla. Nikaandika malengo 10, nikayabandika ukutani: karakana ya mashine kumi, nyumba mtaa wa Golf, kwenda Dubai kununua vitambaa, kupunguza kilo 15, kujua Kiingereza, kusoma kitabu kimoja kila mwezi, kuamka saa kumi alfajiri kusali, kuweka akiba dola 100 kila mwezi, kufuga kuku, na kuwa mama bora. Sasa ni mwezi wa sita na hakuna hata moja lililotembea. Asubuhi nyingine sitaki kufungua duka, hasa Jumamosi. Mume wangu anasema nimekuwa mvivu. Nina nguo 17 za watu ambazo sijamaliza. Lakini juzi nilikesha nikishona gauni la bibi harusi mpaka nikasahau kula, kwa hiyo sijui huu ni uvivu wa namna gani. Yule kocha anasema atanisimamia miezi mitatu kwa dola 150. Nilipe? Na nisipolipa, nifanye nini nirudishe moyo?"

Mama, nianze na la pesa kwa kuwa ndilo lenye haraka: dola hizo 150 usizitoe kwanza. Sisemi hivyo kwa sababu ukocha wa maisha ni utapeli. Ndiyo kazi yangu, naipenda, na nimeona watu wakisimama tena kwa sababu walipata mtu wa kukaa nao na kuwauliza maswali yanayofaa. Nasema hivyo kwa sababu kocha huyo anataka kukuuzia moyo, na moyo si kitu ulichopungukiwa. Mtu aliyeishiwa moyo hakeshi na gauni la bibi harusi huku bukari yake, yaani ugali, inapoa mezani.

Angalia ulivyoandika. Malengo 10 umeyapitia kwa mkupuo mmoja, bila kusimama penye hata moja. Nguo 17 umezitaja mwishoni, nusura uzisahau. Kwangu mimi, nguo hizo 17 ndizo barua yenyewe.

Kama tungekuwa tumekaa kwenye benchi la duka lako, swali langu la kwanza lisingekuwa "unajiona wapi baada ya miaka mitano". Ningekuuliza: kati ya nguo hizo 17, ngapi umeshapokea avansi, yaani malipo ya awali? Na avansi hizo leo ziko wapi?

Nawafahamu mafundi wengi wa mji huu, na hadithi huwa inafanana. Mteja wa kwanza analeta kikwembe chake, yaani kitenge, na avansi. Avansi inakwenda kwenye unga, au kwenye pesa ya shule, au kuna kilio kwenye avenyu na huwezi kukosa kuchangia. Siku ya kushona inafika, pesa ya uzi, zipu na kitambaa cha ndani haipo tena. Anakuja mteja wa pili na avansi yake, nayo inanunua zipu ya mteja wa kwanza. Wa tatu anamnunulia wa pili. Baada ya miezi michache kila nguo iliyo juu ya meza imekwisha kuliwa nusu ya bei yake, na kuishona ni kufanya kazi ambayo malipo yake huyaoni tena. Halafu Jumamosi inafika. Jumamosi ndiyo siku watu wanakuja kuulizia nguo zao, kwa kuwa kesho yake wanataka kuzivaa kanisani.

Sasa niambie, nani angetamani kufungua duka Jumamosi? Unachokiita uvivu, mama, ni aibu ya kukutana na watu wanaokudai, na aibu hiyo inachosha kuliko kazi yenyewe. Gauni la bibi harusi lilikuwa jipya. Nadhani pesa yake ilikuwa bado mikononi mwako, tarehe ya harusi ilijulikana, na mwenye gauni hakuwa na sababu ya kukununia. Ndiyo maana mikono yako iliamka. Mueleze hivyo na baba watoto, kwa upole, kwa sababu neno "mvivu" likirudiwa kila siku nyumbani mtu huanza kuliamini.

Hapa ndipo naachana na semina nyingi za motisha zinazofanyika mjini kwetu. Zinamfundisha mtu kufumba macho na kujiona ameshafika: nyumba ya Golf, funguo za gari mkononi. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia Mjerumani, ametumia miaka mingi kuchunguza jambo hilo hasa. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1991 pamoja na Thomas Wadden, aliwafuata wanawake waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito. Wale walioamini kwamba wataweza walipungua zaidi. Lakini wale waliozama katika ndoto tamu za jinsi watakavyopendeza walipungua kidogo kuliko wenzao. Ndoto ile huupa mwili raha ya kufika kabla ya safari kuanza, na nguvu ya kutembea inapungua. Anachoshauri Oettingen ni kutaja unachokitaka, na papo hapo kutaja kizuizi kilicho ndani ya maisha yako leo, kwa jina lake. Karatasi yako ina malengo 10 na haina kizuizi hata kimoja. Avansi zilizoliwa hazikuandikwa popote.

Na ile habari ya wanafunzi 3 kati ya 100, uiondoe kabisa kichwani. Utafiti huo haukufanyika. Huwa unasimuliwa mara kama wa Yale, mara kama wa Harvard. Mwaka 1996 jarida la Marekani la Fast Company liliufuatilia, na Yale hawakuona alama yake yoyote. Simlaumu kocha wako kwa kuusikia; umezunguka dunia nzima. Ila mtu anayekuomba dola 150 alipaswa kuuchunguza kabla ya kuusimamia mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Utafiti wa kweli kuhusu malengo upo, na ni mzuri kuliko ule wa kubuni. Edwin Locke na Gary Latham, wote wanasaikolojia wa mambo ya kazi, walionyesha kwa miaka mingi kwamba kumwambia mtu "fanya uwezavyo" hakumsaidii sana. Lengo lenye kipimo, gumu lakini linalowezekana, humfanya atende zaidi. Mfano mmoja wa Latham naupenda kwa sababu sisi wa Katanga tunajua malori. Kule Oklahoma, Marekani, madereva wa malori ya magogo walikuwa wakipakia kama asilimia 60 tu ya uzito unaoruhusiwa na sheria. Waliambiwa wafikishe asilimia 94. Hawakuongezwa mshahara, na kila safari walijua wamepakia kiasi gani. Ndani ya miezi michache walipita asilimia 90 na wakabaki huko. Hiyo ilichapishwa mwaka 1975.

Lakini ukiusikiliza mfano huo vizuri utaona masharti yake. Madereva walikuwa tayari wanajua kupakia. Walikuwa na lori. Walikuwa na mzani wa kuwaonyesha matokeo siku hiyohiyo. Na lengo lilikuwa moja. Mtaka yote hukosa yote, na wewe uliandika malengo 10, kadhaa kati ya hayo ni ya mambo ambayo hujaanza hata kuyajifunza. Kwa jambo geni kama Kiingereza au ufugaji, Latham mwenyewe na wenzake walikuja kuonyesha kwamba kuweka shabaha ya matokeo mapema kunaweza kumvuruga mtu; kwanza ajiwekee lengo la kujifunza namna ya kulifanya. Kushona unakujua. Tuanzie hapo.

Chukua daftari la watoto lenye kurasa zilizobaki. Shusha nguo zote 17, moja moja, na kwa kila nguo andika: ya nani, alitoa avansi ngapi, amebakiza ngapi, na inahitaji nini ili iishe. Usishone siku hiyo. Andika tu. Utakuta makundi mawili. Kuna nguo ambazo kila kitu kipo, zinangoja mikono yako tu: kufunga vifungo, kukunja pindo, kupiga pasi. Na kuna nguo ambazo zinangoja pesa: zipu, kitambaa cha ndani, uzi wa rangi usio nao. Anza na kundi la kwanza, hata kama mteja wa kundi la pili ndiye anayepiga kelele zaidi. Kila nguo ya kundi la kwanza ikichukuliwa, salio lake linanunua zipu ya kundi la pili. Hivyo unatoka shimoni bila kugusa avansi ya mteja mpya.

Kisha lengo. Siwezi kujua kasi yako, lakini tuseme katika wiki ya kawaida unamaliza nguo sita. Nne zitoke kwenye rundo la zamani, mbili ziwe za wateja wapya, kwa sababu siwezi kukuambia ukatae pesa ya chakula. Kwa mwendo huo, katika wiki ya tano rundo limekwisha. Ndilo lengo lako lote la sasa: nguo nne za zamani kila wiki mpaka rundo liishe. Ukiona nne ni nyingi, iwe tatu. Avansi ya mteja mpya iingie kwenye bahasha yenye jina lake, na bahasha ifungwe pamoja na kikwembe chake. Pesa hiyo inunue uzi wake na zipu yake tu. Najua ni sheria ngumu wiki ambayo mtoto ana homa. Ndiyo maana nasema bahasha na si kumbukumbu; ukichukua, angalau utajua umechukua, na utaandika juu yake kiasi gani.

Halafu lengo lipewe saa na mahali. Peter Gollwitzer, Mjerumani mwingine, alieleza mwaka 1999 jambo dogo lenye faida kubwa: mtu akijipangia mapema kwa sentensi ya "ikitokea hivi, nitafanya vile", hutekeleza zaidi kuliko anayesema "nitajitahidi". Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya tafiti 94 za namna hiyo na picha ikawa ileile. Siri yake ni kwamba uamuzi unafanyika ukiwa umetulia, na saa ikifika hujadiliani tena na nafsi yako. Kwa maisha yako ningeandika hivi:

"Watoto wakishaondoka kwenda shule, nitakaa mashineni na kushika nguo ya juu ya rundo kabla sijagusa simu."

"Umeme ukikatika, nitahamia kwenye kazi za mkono: pindo, vifungo, kutarizi. Nguo za kazi hizo nitakuwa nimeziweka kando tangu asubuhi."

"Mteja akija Jumamosi na nguo yake haiko tayari, nitamwonyesha daftari na kumwambia siku itakayokuwa tayari, na siku hiyo sitaisogeza."

Hiyo ya tatu ndiyo ngumu, na ningekaa nawe kuifanyia mazoezi kwa sauti, mimi nikiwa mteja mkali. Watu wetu husamehe kuchelewa. Kinachowakasirisha ni "rudi kesho" ambayo haina mwisho. Mteja akionyeshwa mstari wake kwenye daftari, nguo yake ni ya sita na tarehe iko hapo, mara nyingi hutulia. Wengine watagomba vilevile, na Jumamosi mbili za kwanza zitakuwa nzito. Duka lifunguliwe hivyohivyo.

Kuhusu kumwambia mtu: usiitangaze kwenye hali ya WhatsApp. Gollwitzer na wenzake walichapisha mwaka 2009 majaribio yaliyoonyesha kwamba mtu akishatangaza anachotaka kuwa na watu wakamtambua hivyo, wakati mwingine anafanya kazi kidogo zaidi, kama vile sifa imeshalipwa. Chagua mtu mmoja. Awe fundi mwenzako wa avenyu ya pili, au dada yako, na kila Jumapili jioni umtumie tarakimu moja tu: nguo za zamani zilizobaki. Kumi na saba, kumi na tatu, tisa. Asikupongeze wala asikukaripie; aipokee, na wiki ambayo hujatuma aulize. Hapo, mama, umepata bure nusu ya kile ambacho kocha angekuuzia.

Nije sasa kwenye karatasi ya ukutani, kwa kuwa nadhani inakuumiza. Naomba uiteremshe. Si kwa kukata tamaa. Kwa kuiuliza, mstari kwa mstari: hili ni la nani? Edward Deci na Richard Ryan, Wamarekani waliojenga nadharia yao ya motisha kuanzia miaka ya 1970, wanasema binadamu hudumu na jambo anapoona mambo matatu: kwamba amelichagua mwenyewe, kwamba analiweza na uwezo unaongezeka, na kwamba kuna watu anaohusiana nao ndani yake. Nyumba ya Golf, je, uliichagua, au iliandikwa kwa sababu aliyekaa pembeni yako kwenye semina aliiandika? Dubai unaitaka kwa vitambaa, au kwa picha ya uwanja wa ndege? Sikuhukumu. Inawezekana Dubai ni yako kweli. Fundi wa nguo za harusi ana sababu ya kutaka vitambaa vizuri. Ila lengo la kuazima halina mtu wa kulisukuma siku ya mvua.

Sala ya alfajiri nisingeiweka kwenye orodha ya malengo hata kidogo. Iache mahali pake, ufanye unavyoweza, na siku uliyolala kwa uchovu usiihesabu kama umeshindwa mtihani. Vivyo hivyo "kuwa mama bora". Hakuna mzani wake, na mama yeyote akijipima kwa neno hilo atajikuta amepungua. Kilo 15 zingoje. Unayekesha na kushinda njaa, kwanza tupange usiku wako.

Na kuna jambo la mji wetu ambalo vitabu vya motisha vya kutoka nje havilijui. Wazazi wetu wengi hawakuandika malengo. Waliamshwa na king'ora cha kampuni ya madini. Kampuni ilitoa nyumba, ilitoa poso ya unga, ilijenga shule na hospitali, na wazee wakasema kwa haki kabisa: kazi njo baba, kazi njo mama, yaani kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Union Minière ilianza mwaka 1906, ikataifishwa mwaka 1967 na kuja kuwa Gécamines, na kwa vizazi kadhaa mpango wa maisha ya mtu ulipangwa na mwingine. Kisha kampuni ikaanguka, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi wapata 10,000 waliondolewa kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Watoto wao, ndio sisi, tulikua tukiona baba aliyepangiwa kila kitu akikaa barazani bila kujua asubuhi ianze vipi. Haikuwa kosa lake. Kujipangia ni ufundi, na hakuna aliyemfundisha. Nasema haya ili usijilaumu kwamba kila mtu anajua kujiwekea malengo isipokuwa wewe. Kizazi chetu kinajifunza sasa hivi, mitaani, huku kinafanya biashara.

Akiba ya dola 100 kwa mwezi naiona ni nzuri lakini imekuja mapema, rundo kwanza. Hata hivyo nikupe moja la kuanzia. Adui wa akiba ya Lubumbashi kwa kawaida si anasa. Ni kilio, ni shemeji mgonjwa, ni ada ya mtoto wa ndugu, na hayo ni mambo ya utu ambayo sitakuambia uyakatae. Wachumi wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, walifanya jaribio magharibi mwa nchi ya Kenya, si mtaa wetu wa Kenya, wakalichapisha mwaka 2013. Waliwapa watu sanduku la chuma lenye kufuli la kuwekea pesa ya mahitaji ya afya. Baada ya mwaka, matumizi yao ya kujikinga na magonjwa yalikuwa yamepanda kwa karibu theluthi mbili. Watu waliweza kumjibu ndugu anayeomba: pesa hii ina kazi yake. Na vikundi vya kuzungushiana pesa vilivyoongeza chungu cha pili, chenye kazi moja iliyotajwa, vilifikisha matumizi hayo hata zaidi ya mara mbili. Likelemba yako, yaani kikundi chako cha kuzungushiana pesa, kama unayo, unaijua nguvu yake: unatoa kwa sababu kuna mwenzako anayengoja zamu yake. Basi wewe na wanawake wawili au watatu wenye kazi kama yako mfanye zamu ndogo ya jambo moja tu, vifaa vya kazi, na anayepokea anunue zipu na uzi siku hiyohiyo mbele ya wenzake. Na kilio nacho kipewe bahasha yake, kiasi kidogo kila wiki, kwa sababu kitakuja. Mpango unaojifanya hakiji utavunjika kwenye kilio cha kwanza.

Utaniuliza itachukua muda gani mpaka kukaa mashineni asubuhi kuwe desturi. Kwenye semina husema siku 21. Namba hiyo ilitoka kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kuhusu muda ambao wagonjwa wake walihitaji kuzoea sura mpya. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa London walipowafuata watu 96 waliokuwa wakijenga desturi ndogo kama kunywa maji au kutembea, makadirio ya katikati yalikuwa siku 66, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kutoka siku 18 hadi 254. La kukutia nguvu ni hili: kukosa siku moja hakukuharibu desturi. Kwa hiyo ukilala siku ya Jumatano, Alhamisi unaendelea na nguo ya juu ya rundo, bila kuanza kuhesabu upya na bila karatasi mpya ya malengo.

Neno moja kabla sijarudi kwa kocha wako. Nimechukulia kwamba tatizo ni rundo na avansi, kwa kuwa bado kuna kazi inayokuamsha. Lakini kama kwa wiki mbili na zaidi hulali, au unalala mno, chakula hakina ladha, hata gauni zuri halikufurahishi tena, au yanakujia mawazo kwamba ni afadhali usingekuwepo, hapo usiende kwa kocha yeyote, hata mimi. Nenda kwa daktari. Hapa mjini kuna kituo cha afya ya akili cha Dk. Joseph Guislain, na kwenda pale si aibu wala si kichaa. Kocha mwaminifu anajua mpaka huo na anakuelekeza mwenyewe.

Sasa yule kocha. Ukocha kama taaluma ni kijana. Chama kikubwa cha kimataifa cha makocha, ICF, kilianzishwa mwaka 1995 na Mmarekani Thomas Leonard, na katika nchi nyingi, yetu ikiwemo, mtu yeyote anaweza kuamka asubuhi akajiita kocha. Kwa ngazi ya kwanza kabisa ya cheti chake, ICF inataka angalau saa 60 za mafunzo na saa 100 za kufanya kazi na wateja. Kuna makocha wazuri wasio na cheti hicho, na sitakuambia cheti ndiyo kila kitu. Lakini muulize alijifunza wapi, kwa muda gani, na nani humsimamia. Muulize pia atakutana nawe mara ngapi katika miezi hiyo mitatu na kila mara kwa muda gani, ili ujue dola 150 zinanunua nini; "nitakusimamia" si kipimo. Muulize mambo yako atayaweka siri vipi, maana wengine hugeuza machozi ya mteja kuwa mfano wa semina ijayo.

Halafu msikilize anavyoongea. Kocha anayefanya kazi hii vizuri huzungumza kidogo kuliko wewe. Atakuuliza unataka nini, hali ikoje leo, una njia gani, na utafanya ipi lini. Ni mpangilio ambao Mwingereza John Whitmore aliueneza tangu mwaka 1992 na karibu sote tunautumia kwa namna fulani. Akikaa nawe nusu saa bila kuuliza chochote kuhusu nguo zilizo mezani, huyo ni mhubiri wa mafanikio, na mahubiri unaweza kuyapata bila dola 150. Akikuahidi mapato ya kiasi fulani, ondoka. Akikutaka umletee watu wengine ili upunguziwe bei, ondoka pia.

Fanya hivi: endesha daftari lako kwanza mpaka mwisho wa mwezi wa saba. Ikiwa rundo linapungua, hela za kocha zitafaa zaidi kwenye zipu na vitambaa vya ndani. Ikiwa umeandika kila kitu, umekaa mashineni, na bado unakwama mahali palepale kila wiki, hapo utakuwa na swali halisi la kumpelekea mtu, na utamwomba kikao kimoja cha kulipia, si miezi mitatu. Nenda na daftari. Liweke mezani kati yenu, ufungue ukurasa ulipokwama, na uone anaanzia wapi.